Wietske Hoekema na Mikia ya Maneno

Baada ya miaka thelathini na minane, Wietske Hoekema anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni, kutoka ofisi yetu ya kamusi hapa Utrecht. Na anaondoka akiwa amemaliza!

Alianza kama mpiga chapa. Miaka mitatu baadaye alipewa kabati ambalo hakuna aliyelitaka, la viambishi tamati, vile vipande vidogo vinavyokaa mwishoni mwa neno. Humo kadi hupangwa kwa herufi ya mwisho kurudi nyuma, na kila lugha ina droo yake. Tukamwita Mama wa Mikia, naye akaitika. Aliwahi kutumbukia mferejini na baiskeli yake akisoma kibao cha duka kuanzia mwisho.

Alichokipenda zaidi ni kiambishi -arius, ambacho Warumi walikitumia kumtaja mtu kwa kazi yake, na ambacho lugha nyingi za Ulaya zilikirithi au kukiazima. Alikusanya kadi elfu sita, lakini makala ya kukieleza kwenye kamusi ilimshinda kila mwaka. Novemba iliyopita mkuu wetu, Roelof Brands, alitangaza kwamba isipokamilika kabla Wietske hajastaafu, kamusi itachapishwa bila hiyo.

Desemba Wietske akaugua mafua siku tisa. Watatu kati yetu, nami nikiwemo, tukataka kumsaidia. Tukazitoa kadi zake zote, tukazipanga upya kwa herufi ya kwanza, lugha zote pamoja, na kabati tukalifunga utepe mwekundu. Roelof alipoona akatuuliza kama tumerogwa.

Wietske aliporudi alivuta droo ya M, akaziinamia kadi.

"Nyie watoto, mmeniharibia miaka thelathini," alisema. Kisha, bila kuinua kichwa, "Hebu ngojeni. Msiguse kitu."

Mbele yake walikuwa wasaga nafaka wa Ulaya, ambao hawajawahi kukaa droo moja: molinarius wa Warumi, mugnaio wa Waitalia, molinero wa Wahispania, meunier wa Wafaransa, Müller wa Wajerumani na molenaar wetu. Mkia ni uleule, umebadilika kila ulipovuka mpaka. Kwa mara ya kwanza aliiona njia nzima. Alianza kuandika hata koti hajavua.

Jumanne iliyopita kurasa kumi na nne zilifika kwa Roelof, mtu ambaye hurudisha hata kadi za salamu zikiwa na masahihisho. Alizisoma amesimama. "Wietske, hapa sina hata nukta ya kuongeza," alisema, akaenda dirishani kufuta miwani.

Asante, Wietske, kwa kutusamehe siku ile na kwa kutufundisha kutazama neno hadi mwisho wake. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na haraka na barabara zilizo mbali na mifereji. Miaka yote hii wewe ndiye mlinzi wa kopo la biskuti: kahawa ya saa nne, biskuti moja kwa kila mtu, kifuniko kinafungwa. Leo umeliacha mezani, na kifuniko umekitia kwenye mkoba wako.