Mwokaji Asiyeshuka

"Lala kifudifudi, ujiinue kwa viwiko, taratibu," fundi cherehani alimwambia mwokaji mikate aliyeketi kando yake kwenye basi, amekakamaa kama ubao. "Hata mimi diski ya mgongo ilichomoza. Mazoezi ndiyo yaliyoniinua."

"Dada, nikikohoa tu mguu unawaka moto. Nikijipinda ikapasuka kabisa, je?"

"Kwa hiyo ukikaa hivyo ndiyo itapona?" Alisema kwa ukali, kuficha kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi hujipapasa kiuno kwanza kabla ya kushusha mguu kitandani.

Basi likafika mwisho wa safari, abiria wakashuka. Mwokaji akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, asisogee.

"Kwani ulikuwa unashukia wapi, kaka?"

"Pale kazini, kwenye tanuri. Leo nimepapita mara mbili."