Ng'ombe wa Masunga na Mara Elfu Moja

Benchi letu hapa Kimamba ni taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, kando ya banda langu la kutengeneza baiskeli. Ukikaa hapo unalitazama duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara. Mzee Masunga alikuwa na safari moja tu siku hiyo: avuke, achukue dawa ya ndigana, arudi nyumbani. Bwana mifugo alikuwa ameshampima ng'ombe wake aliyevimba tezi chini ya sikio, akatazama kwenye hadubini, akamwambia wazi: ni ndigana kali, dawa iwe nyumbani jioni nije nimchome. Ng'ombe mwenyewe ndiye anayekamuliwa, uji wa wajukuu unamtegemea yeye. Lakini mzee akapita benchini, akasalimiwa, akamiminiwa kahawa, na akafanya kosa la kuwasimulia watu hawa alichokiona.

Masunga: Alinichungulisha mwenyewe. Nikaona vijidudu vitatu vya zambarau, kila kimoja kama punje ya mahindi. Akasema hapo vimekuzwa mara elfu moja.

Aliyedakia ni Nassir, mnunuzi wa mazao. Tunamwita Lumbesa kwa sababu magunia yake hujazwa mpaka yaote kichwa.

Lumbesa: Umepigwa, mzee. Hiyo ni lumbesa, na hiyo kazi mimi naijua. Rudisha kwenye kipimo chake. Vitatu gawa kwa elfu, unabaki na nini?

Masunga: Hata kimoja hakifiki.

Lumbesa: Hata ukucha wa kimoja! Ng'ombe mzima aumwe kwa ukucha wa mdudu?

Mimi: Nassir, kinachokuzwa ni ukubwa, siyo idadi! Vitatu ni vitatu. Mzee, nenda dukani.

Lumbesa: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapa?

Lumbesa: Inaingia. Huyu ana haba, kibaba hana. Sasa anatibu nini?

Simoni wa bodaboda naye akasogea. Tunamwita VAR, kama ile video ya waamuzi wa mpira, maana hakuna jambo analolikubali bila kulirudisha nyuma.

VAR: Turudi nyuma kidogo. Mashine ina vioo vingapi?

Masunga: Viwili. Cha juu, cha kuchungulia, kimeandikwa kumi. Cha chini kimeandikwa mia.

VAR: Kumi na mia ni mia na kumi. Hiyo elfu imetoka wapi?

Mimi: Havijumlishwi, vinazidishwa! Cha chini kinakuza mara mia. Cha juu kinaipokea picha hiyo iliyokwisha kukuzwa, kinaikuza mara kumi tena.

VAR: Aaa! Kumbe madalali wawili. Wa kwanza kapandisha bei, wa pili kapandisha juu ya bei ya wa kwanza.

Kidogo nimkumbatie, maana hapo alikuwa amepatia kabisa. Akaharibu palepale.

VAR: Basi mzee, huo ni ugonjwa wa madalali. Bei ya shambani hujaiona.

Masunga: Halafu kabla ya kutazama aliweka tone la mafuta.

Lumbesa: Mafuta! Sasa kitu ukikitia mafuta kitaacha kunenepa?

Mimi: Ni ya kusaidia mwanga uingie vizuri kwenye kile kioo cha mia!

VAR: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hivyo viliundwa mezani pale pale.

Nilimwangalia Masunga. Mtu amekuja na mifugo kutoka kanda ya ziwa, amechunga tangu hajaota meno ya pili, anamjua ng'ombe mgonjwa kwa kumsikia anavyopumua. Sasa anakuna kidevu akiwasikiliza mnunuzi wa mahindi na dereva wa pikipiki. Ilinichoma kweli.

Lumbesa: Hatari yenyewe ni dawa. Imepimwa kwa mdudu wa mara elfu. Ikiingia kwa ng'ombe ambaye hajakuzwa hata mara moja…

VAR: Inampasua.

Masunga: Kwa hiyo nikachukue tone moja?

VAR: Tone lenyewe uligawe.

Nikatupa spana chini.

Mimi: Dawa inapimwa kwa uzito wa ng'ombe! Kioo hakimfikii ng'ombe, kinakusaidia wewe tu kuona! Mzee wangu, nakuomba, nenda dukani!

Masunga: Ngoja kwanza, fundi. Jambo la elfu si la kukimbilia.

Tukaanza upya. Lumbesa akachora vioo mchangani, VAR akavifuta, mimi nikavichora tena kama inavyotakiwa, nikaeleza mpaka sauti ikakauka na jua likainama. Nikawashinda. Hata Lumbesa akakubali kwa shingo upande kwamba vitatu ni vitatu.

Hapo ndipo Marciana, mke wa Masunga, alipotokea njia ya mashambani, kanga ameikaza kiunoni, anahema.

Mimi: Shikamoo, mama.

Marciana: Marahaba. Baba Mhoja, bwana mifugo amefika. Amesimama zizini na sindano yake. Ng'ombe amelala chini, tunamnyanyua hanyanyuki. Dawa iko wapi?

Lumbesa akachungulia ndani ya kikombe. VAR akaanza kuifuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi. Masunga akageuka kutazama ng'ambo, na sote tukageuka naye. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa, kufuli linaning'inia. Mimi, mwenye hesabu sahihi, niliona aibu kuliko wote. Barabara ile ningeweza kuivuka mwenyewe, nikaileta ile dawa, kisha nikarudi kubishana.

Marciana alitutazama mmoja mmoja.

Marciana: Nauliza, dawa iko wapi?