Mbio za Shimo la Juu

Wabuge, funga huo mlango uketi mahali nitakapokuona. Edinah, weka dawa chini. Khisa, toa hivyo vidude masikioni. Leo nitasema mimi na nyinyi mtanyamaza, hata pale mtakapoona nimekosea, kwa sababu nikikatizwa sitapata tena pumzi ya kuanza upya.

Nimeliona kundi lenu la WhatsApp. Khisa aliacha simu kitandani kwangu, ikawa inalia kama kifaranga, nikaichukua. "Safari ya Mwisho ya Mzee Wepukhulu." Mzee mwenyewe yuko hapa Elgon View, nyumbani kwa binti yake, anakunywa uji, na tayari mmemchagulia picha, mmemchagulia mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na mmeshampatia basi la kumpeleka kwao Kimilili. Picha haikunikera. Lililonikera ni basi, kwa sababu ni la Nicanor.

Nicanor mnamjua kama mtu wa kwetu, mwenye duka la mabati mjini, anayechanga kabla hajaombwa. Sitamvunjia heshima. Nilipoanguka shambani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, kiatu chake kimoja kikabaki kwenye matope na hakurudi kukichukua. Mtu anaweza kukutendea wema wa namna hiyo na bado akawa mwizi wa watu wasioweza kupiga kelele. Yote mawili ni kweli, na nimechoka kujaribu kuchagua moja.

Mnayajua mashimo ya shambani kwetu Ainabkoi. Mlicheza humo, mkaanguka humo, na mama yenu akawachapa kwa sababu yake. Mashimo mapana, yamezungushiwa mawe yaliyopangwa bila simiti, na lile la juu, la mlimani, lina njia iliyofunikwa kwa mawe inayoingia chini ya ardhi. Nilipokuwa nikilima ngano niliyazunguka kwa trekta nikinung'unika, maana yalinilia shamba. Kisha akaja Dakta Jepchumba kutoka chuo kikuu kule Chepkoilel, mtu wa kuchimbua mambo ya kale, amevaa buti za mvua zinazomzidi miguu. Akapiga magoti ukingoni, akaweka viganja juu ya mawe hata nikadhani anaomba. Nikamwuliza, "Mwalimu, umepoteza kitu?" Akasema, "Mzee, hapa palikuwa na mji. Watu wameutafuta tangu kabla sijazaliwa, wengine wakasema haukuwahi kuwepo."

Nicanor alisikia neno mji, akaelewa dhahabu. Ana mnunuzi wake wa ng'ambo, asiyeuliza vitu vya kale vimetoka wapi.

Basi zikaanza mbio. Jepchumba anachimba kwa mwiko mdogo na brashi, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga; Nicanor anazunguka na chombo kinacholia kikinusa chuma. Jepchumba akafunga kamba za kupimia, Nicanor akazikata. Jepchumba akahamia kwenye hema ukingoni, mvua ya mawe ikimpiga, na Nicanor akamletea chai ya thamosi huku akimcheka: "Daktari, wewe unataka vigae, mimi nataka pesa, sasa tunagombania nini?" Akamjibu, "Chai nitakunywa. Vigae ukivigusa utanikuta nimelala juu yake."

Halafu ile Jumapili, sote tukiwa kanisani, Nicanor akaleta tingatinga likapasua shimo la chini kama mtu anavyopasua papai. Alipata nini? Mavi ya ng'ombe yaliyogeuka vumbi, na vyungu, akavitupa uani kwa hasira kama mtu aliyedanganywa. Jepchumba aliokota kila kipande. Nilitaka amlaani, ili na mimi nipate nafasi ya kulaani. Badala yake akaniita, "Mzee, njoo uone." Akanionyesha jiwe lililolika upande mmoja. Akasema hapo ndipo kamba ya ndama ilipokuwa ikisugua, mwaka baada ya mwaka, mama yake akikamuliwa.

Niliingiza kidole katika alama ile, na kwa mara ya kwanza niliwaona watu. Si wafalme. Watu wanaoamka na baridi ya Ainabkoi, wanapuliza vidole, wanamvuta ndama anayekataa kutoka. Nao walikuwa na watoto. Waliwaita karibu kama mimi leo, wakawaambia maneno waliyoyaona mazito, na sasa hakuna anayejua hata lugha waliyoitumia. Kama kuna kitu chao kilichobaki, kiko ndani ya shimo la juu.

Sasa mbio zimefika kifuani kwangu. Jepchumba anasubiri kibali cha serikali cha kuhifadhi mahali pale, nacho kiko Nairobi kikihamishwa meza hadi meza. Nicanor anasubiri nife. Mimi nimekataa kumwuzia shamba, na nyinyi hamtakataa. Wabuge, usiinamishe kichwa, nilikusikia dirishani ukimwambia Nicanor, "Mzee akishafika Kimilili tutaongea." Sikulaumu. Una watoto chuoni, na shimo halilipi karo. Lakini mnaona jinsi ilivyo? Kila nikikohoa kuna mtu anaangalia saa. Nimepiga simu ile ofisi ya Nairobi hadi vocha ikaisha, na binti wa pale ananiambia nisubiri kidogo. Nimsubiri kwa kitu gani? Kwa mapafu gani?

Haya. Shamba la viazi ni la Wabuge. Uza ukitaka, uza hata kwa Nicanor, kule hakuna mtu wa kale. Nyumba na yule ng'ombe wa gredi ni vya Khisa, na ng'ombe akamuliwe na Khisa mwenyewe, si kwa simu. Mlima na shimo la juu ni vya Edinah, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayeweza kusema hapana bila kupandisha sauti. Wilbaro iliyo nyuma ya ghala ni ya jirani yetu Ng'ang'a, mrudishieni imeoshwa. Na ndugu yangu Wakoli, ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa mpaka kule nyumbani, asinyimwe nafasi ya kusema mazishini. Akidanganya, mwacheni adanganye. Amekaa bila mimi miaka mingi.

Na Kimilili msinipeleke.

Keti, Wabuge. Nimesema keti! Mtanizika Ainabkoi, kwenye ule mwanya kati ya mwamba na kijito, ambao ndio njia pekee ya tinga kufika shimo la juu. Nilimwomba Jepchumba apapime, akachimba akakuta udongo mtupu, hakuna jiwe wala kigae. Alidhani nataka kujenga choo. Mwacheni adhani hivyo hadi siku yenyewe, maana akijua atanikataza. Kumfukua mtu kunataka amri ya korti. Tena Nicanor namjua, ni wa kwetu: anaogopa wafu anaowajua majina. Wale wa shimoni hawaogopi kwa sababu kwake hawana majina. Langu analo. Atafika na mashine yake, atalisoma, na atageuza.

Najua mnachofikiria. Mama yenu yuko Kimilili, na pembeni yake kuna nafasi niliyoipima mimi mwenyewe, nikamwahidi mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ugonjwa huu. Kwamba kwa ajili ya watu nisiowajua nimwache niliyemjua, kwa sababu tu watu wazima wameshindwa kugonga muhuri mmoja na watoto wangu wameshindwa kusema neno moja! Edinah, utaenda wewe. Simama upande wa kulia, useme kwa sauti, alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto. Mwambie sikumkimbia. Mwambie niko kazini.

Maji... Hapana, ya moto. Asante.

Nimebakiza kidogo. Mungu awape ardhi inayokubali jembe. Awape watoto... watoto wanaosikia mkisema mara moja. Msigombane kwa ajili yangu. Gombaneni kwa mengine, lakini mle pamoja jioni.

Sasa nataka neno lenu, kwamba mtanizika Ainabkoi. Edinah? Nimesikia. Khisa? Haya.

Wabuge. Mbona unalia, nimekuomba neno, sikukuomba machozi. Sema. Kwa sauti, sikio langu nalo...

Umesema. Mmesikia nyote, amesema.

Basi inama nikubariki, mkubwa wangu. Zaidi. Mkono umekuwa mzito, haupandi... Zaidi, mwanangu. Hapo.