Mwalimu Fortunata na Chura wa Angani

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wote mliopanda mlima huu kuja kumsindikiza mama yetu, mimi ni Efraín, kitindamimba wake, na familia imenituma nisimulie maisha yake kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe masimulizi mafupi hakuyapenda.

Marehemu Fortunata Qorimanya alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1950 hapa Qollpapata, mtoto wa tatu wa wafugaji wa alpaka, akasoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari na chuo cha ualimu mjini Cusco, akahitimu Desemba 1972, na Machi iliyofuata akarudi kufundisha katika shule ileile iliyomfunza kusoma.

Mwaka huo kitabu cha darasani kiliwataka watoto waandike insha juu ya siku moja ufukweni, nao bahari hawakuwahi kuiona, wakarudisha karatasi nyeupe, lakini mama hakumchapa mtu, bali jioni aliwaita uani na mablanketi yao na mahindi ya kukaanga, akawaonyesha ule mto mweupe wa nyota na wanyama weusi waliomo ndani yake, yaani maumbo ya giza kati ya nyota, lama, mbweha na chura, akamwambia kila mmoja achague wake, aandike mnyama huyo anataka nini na anaogopa nini. Nérida, binti mchunga kondoo ambaye hakuwa ameandika hata mstari mmoja tangu aanze shule, alisema, "Mimi sioni mnyama, mwalimu, naona giza tu," na mama akamjibu, "Basi niandikie hilo giza, lina njaa au limeshiba?"

Tarehe 8 Agosti 1976 alifunga ndoa na baba yetu, Melquíades Sutta, mpiga tarumbeta, ambaye kwenye sherehe moja alimwuliza mbele za watu yeye ni nani kule angani, akaambiwa, "Wewe ni mbweha, unamfuata lama tangu dunia iumbwe na hujamkamata," naye akasema, "Lakini mwalimu, mbona lama mwenyewe hakimbii?" Walijaliwa watoto watatu, Yanet, Rufino na mimi.

Mwaka 1977, mama akiwa na mimba ya dada Yanet, mkaguzi wa elimu, ambaye jina lake tumeamua kuliacha, alisema watoto wanafundishwa uongo, akamhamishia mama katika mji wenye taa nyingi za barabarani, ambako nyota hazikuonekana na ambako, baba anasema, hata tarumbeta haikumchekesha. Wazazi wa wanafunzi walishuka na watoto wao hadi ofisini kwa mkaguzi, wakaambiwa uamuzi umeshatolewa, ndipo Nérida, wakati huo darasa la sita, akasimama na kusoma hadithi yake ya chura wa angani aliyemeza nyota, tumbo likawa linang'aa, hawezi tena kujificha, na mbweha yuko nyuma yake, akafika hapo akakunja karatasi.

Mkaguzi akauliza, "Halafu chura akafanya nini?"

"Mwalimu akirudi, nitakumalizia."

Mama alirudi mwezi uliofuata kwa lori, na mkaguzi akaja kwenye lori hilohilo, akaketi uani na blanketi la kuazima, akamsikiliza Nérida mpaka mwisho wa hadithi. Nérida leo ndiye mwalimu mkuu wetu.

Mama alistaafu mwaka 2015, akaanza kuugua mapafu mwaka 2018, na hata wodini aliwaandikisha wauguzi hadithi, kisha akarudi nyumbani kwake, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia supu siku zote hizi, na walimu wenzake. Watoto wa darasa la tatu wameomba kumsomea hadithi walizoandika, na nimeonywa kwamba nyingine zinachekesha, basi anayetaka kucheka acheke, yeye angetangulia.

Pumzika kwa amani, Mama, watoto wanaanza kusoma.