Seli Kumi na Mbili, Tatu Zimekufa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa betri aliyefariki Jumanne asubuhi. Mtaani walimwita Fundi Seli. Jina hilo lina kisa, na kisa chenyewe kilimla miaka kumi na tisa.

Ukiipasua betri ya kompyuta ya mapajani, ndani utakuta vipande vya mviringo, vinene kama kidole gumba. Mafundi huviita seli. Fundi wetu alizipima moja moja, nzima huku, mbovu kule, kisha akaunda taa za chumbani. Ajabu yake, redio ya nyumbani kwake ilikaa bila betri mwaka mzima. "Ukimwambia, anasema kesho," mkewe anakumbuka akicheka. "Kesho yenyewe sikuiona."

Asubuhi moja alikaa uani na mdogo wake, ambaye ni kinyozi, wakahesabu seli. Kumi na mbili. Tatu zimekufa. Kesho yake jioni askari wanne wakaingia bila hodi.

Siku zile, wasikilizaji, mji ulikuwa na hofu. Seli ilikuwa na maana nyingine: kikundi cha siri, watu wanaokutana kupanga mabaya. Kituoni wakamkalisha mbele ya meza.

"Una seli kumi na mbili?"

"Ndiyo, afande."

"Tatu zimekufa?"

"Zimekufa kabisa."

"Nani kaziua?"

"Joto, afande. Na uzee."

Akazabwa kofi. Wakamtupa seli, ile ya mlango wa chuma. Siku tisa, wapendwa. Siku tisa, mpaka ofisa mmoja alipojisumbua kwenda kwake, akarudi na boksi la viatu lenye seli zote kumi na mbili. Wakamwachia bila hata samahani.

Lakini aliyerudi nyumbani si yule aliyetoka. Askari walijua hesabu! Kumi na mbili, tatu zimekufa. Nani mwingine aliijua? Mdogo wake. Na mdogo wake ananyoa nani? Askari. Kweli, siku ile ya kuhesabu fundi alileta tangazo hapa redioni, akitafuta seli nyingine. Mapokezi wakamwambia nafasi zimejaa. Tena aliandika wazi: seli za betri. "Wangesikia betri wangenikamatia nini?" alimwambia mkewe. "Aliyenichongea ni huyu huyu wa tumbo moja."

Toka hapo akawa anapima watu kama anavyopima seli. Mtu akibisha hodi, anachungulia kwanza. Mkewe akishika simu, anauliza ni nani. Kinyozi alipokuja na wembe kama zamani, akaambiwa, "Shingo yangu hupitishi tena chuma." Kinyozi akaapa, akalia. Hata kulia kwake kukatiliwa shaka: asiye na kosa mbona analia hivi?

Mwaka jana fundi akaanza kutokwa na damu puani. Daktari akamwambia, "Mzee, tatizo liko kwenye seli. Seli nyeupe za damu zimezidi."

Fundi akamuuliza, "Na safari hii kanichongea nani?"

Daktari alicheka. Mkewe anasema fundi hakucheka.

Kinyozi alikaa wiki sita kwenye benchi nje ya wodi. Hakuruhusiwa kuingia, kaka yake hakutaka. Jumanne saa tatu asubuhi akaitwa ndani, mambo yamekwisha. Akatoa wembe mfukoni. Akamnyoa ndevu, polepole, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. "Nilikuwa naogopa atafumbua macho," aliniambia, "aone ni mimi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri. Nikitayarisha kipindi hiki nilifungua kabati la matangazo ya zamani. Nikaikuta karatasi yake. Mwandiko wa fundi: "Nina seli kumi na mbili za betri. Tatu zimekufa. Natafuta nyingine. Nipo nyuma ya duka la vyuma." Pembeni kuna muhuri: limesomwa, saa kumi na moja alfajiri, siku ile ile aliyokamatwa. Nafasi ilikuwa imepatikana, na hakuna aliyemwambia. Na maneno mawili yamekatwa kwa wino mwekundu ili tangazo lipungue. "Za betri." Yamekatwa.

Kalamu nyekundu humu ndani ilikuwa moja. Nilikuwa nayo mimi.

Nimekaa na karatasi hii siku mbili, nikitafuta wa kumsingizia. Sikumpata.

Kwa mjane wa fundi na familia nzima, poleni sana, na najua pole yangu ni ndogo. Nanyi wapendwa, kama yupo ndugu mliyemnunia kwa neno ambalo hamkumsikia akilisema, mpigieni leo, angali anapokea.

Nawe kinyozi, kama umewasha redio. Hukusema kitu. Nalirudia hewani, na safari hii silikati: hukusema kitu.