Gitaa la Mzee Joab Ukutani kwa Kache

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Joab Simiyu, mstaafu wa reli, mkazi wa Buxton hapa Mombasa. Mzee Joab alipiga gitaa. Hakupiga harusini wala jukwaani. Alipiga nyumbani, kila alasiri, polepole, bila kuimba.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Kache, mama anayepinda leso za duka moja la Biashara Street. Kwa miaka sita Kache alishona huku gitaa likilia. Hata hakujua kwamba analisikiliza.

Siku moja mwezi wa Machi akakata vibaya leso za bibi harusi. Mwenye duka akamfokea kwenye simu. Kache akatoka na hasira zake, akagonga mlango wa jirani.

"Mzee, hilo gitaa lako linanichanganya kichwa!"

"Niwie radhi, mwanangu," akajibu Mzee Joab. "Sikujua lafika huko."

Tangu siku hiyo hakupiga tena.

Nyumba ikawa ngeni. Kache alifungua redio, akaizima. Cherehani yenyewe ilimpigia kelele. Akatamani kumwambia mzee arudie gitaa lake. Aibu ikamshika. Kila siku akisema kesho.

Wasikilizaji, Jumanne moja Mzee Joab alianguka jikoni. Alianguka asubuhi. Akapatikana Jumatano jioni, binti yake Nanjala alipokuja kumtazama. Siku mbili baadaye akafariki hospitalini.

Na Jumanne ile yote, Kache alikuwa akishona, hatua tano kutoka pale alipolala mzee. Upande wa pili ulikuwa kimya, kama alivyotaka yeye.

Matangani alimweleza Nanjala yote. "Angekuwa bado anapiga, ningejua. Gitaa lingenyamaza, nami ningebisha hodi."

Nanjala akasema, "Nilimuuliza baba mbona hapigi. Akaniambia, jirani yangu ana kazi, nisimsumbue. Hakuwa na kinyongo nawe, dada. Lakini alilitamani sana gitaa lake."

Kache ametuomba tuyasimulie haya, na jina lake tulitaje.

Kwa Nanjala na jamaa wote wa Mzee Joab Simiyu, poleni sana. Mungu awape subira.

Nawe unayetusikiliza huku mikono iko kazini, punguza redio kidogo. Sikiliza ukutani. Kama kuna sauti uliyoizoea na leo huisikii, inuka. Tuache sisi. Nenda ukabishe hodi.