Filta Iliyopotea Awindiri

Shika kwanza sikio lako la kulia, useme wallahi sitasema. Sema tena, sikusikia. Haya. Maneno haya ni ya watu watano tu, hayatakiwi kuvuka mfereji wa Awindiri, mtaa wetu hapa Arua. Mimi mwenyewe niliapa mbele ya Kaltumu nikiwa na kikombe chake mkononi, na kiapo kilinishinda kabla kahawa haijapoa. Basi kaa, usogee.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, siku mbili kabla ya Maulidi, pale kwenye kiti cha lori. Wenyewe wanakijua: kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori lililofia njia ya Koboko, kikawekwa ubavuni mwa nyumba ya Kaltumu, mjane wa Kinubi auzaye kahawa ya tangawizi kutoka kwenye jabana, lile birika la udongo lenye shingo nyembamba. Wakaaji wa kiti hicho hawabadiliki. Yuko Mzee Abiriga, aliyepigania Mwingereza huko Burma, sote tunamwita Sajini. Tarbushi yake nyekundu haitoki kichwani, na wanaosema huoga nayo si mimi. Yuko Yakubu, jina lake Redio, kwa kuwa husoma habari za dunia kwenye machicha yanayobaki chini ya kikombe. Na yuko Lomoro Bastola, mpaka rangi, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi kama mtu aliyefiwa.

Mambo ya Lomoro yalikuwa hivi. Mkandarasi mmoja wa Gulu alileta mashine ya kupaka msikiti rangi, mashine isiyotumia upepo: pampu inaibana rangi yenyewe mpaka inatokea kwenye tundu dogo la bastola ikiwa ukungu mweupe. Arua nzima ni Lomoro peke yake aliyefundishwa kuishika, ndipo akapata lile jina na kutembea kifua mbele. Lakini ndani ya mpini wa bastola hukaa filta, kijibomba cha wavu wa chuma, urefu wa kidole. Isipokuwepo, kila punje ya rangi iliyokauka hukimbilia tunduni, na bastola inakohoa badala ya kupuliza. Filta ya kwanza Lomoro aliitoboa mwenyewe kwa kuichokonoa na sindano, wakati alifundishwa kuisugua na brashi laini. Mpya ikaja na lori siku ya Jumatatu, imefungwa kwenye karatasi. Naye, badala ya kuitia mahali pake, akaja nayo kijiweni kuringa. Wakati huo Kaltumu alikuwa kisimani. Filta ikapita mkono kwa mkono, Lomoro akaenda kunawa uso, na aliporudi akakuta karatasi tupu.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Ukuta wa msikiti ulikuwa umejaa madoa kama mgonjwa wa ndui, na mkandarasi alikuwa amesema neno lake: alasiri filta isipoonekana, mashine inapanda lori kurudi Gulu, na Lomoro anarudi kwenye ndoo ya chokaa kupaka mawe ya kando ya barabara.

— Mimi nilikuambia, alisema Redio. Mashine ya kupuliza bila upepo iko uongo. Hata chafya inataka upepo.

— Mashine haina kosa, Redio. Ni filta.

— Basi chuja rangi na soksi ya mwanamke.

— Nimechuja. Nesi mmoja alinipa soksi yake ndefu, nikaifunga ndani ya mpini. Pampu iliipasua, nikaanza kubandua vipande ukutani.

— Soksi ya nesi iko kwenye ukuta ya msikiti? Redio alifunika mdomo kwa mkono. Ndugu yangu, hii usiambie imamu.

Lomoro hakucheka. Alikuwa akisikiliza upande wa msikiti, kama injini ya lori imewashwa.

— Iko panya, Redio aliendelea. Panya anapenda kitu ya kung'aa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Na panya iko na vidole.

— Panya! Sajini aligonga fimbo chini. Wewe hapana jua vita. Mimi nilikaa Burma, najua alama ya adui. Hii kazi ni ya mutu, tena mutu ya Kongo. Kule ng'ambo wanachuja dhahabu kwenye mto. Filta ya kijana saa hii iko ndani ya maji, inakamata dhahabu. Wahenga walisema, kikulacho kiko Kongo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Mzee, alisema Lomoro kwa uchovu.

— Nguo yangu iko safi! Sajini aliruka kama aliyeng'atwa na siafu, akakung'uta kanzu yake nyeupe mbele na nyuma. Nani anasema nguo yangu?

— Hakuna aliyesema, afande. Ni methali.

Sajini akaketi, akajipangusa jasho. Alipopata pumzi alifikiri zaidi, na alipofikiri mambo yalizidi kuwa mabaya.

— Kama si Kongo, basi mwezini. Hamukusikia wazungu walifika kule? Waliacha sumaku, kubwa kama Arua yote. Inavuta chuma polepole. Mwanzo filta. Kesho misumari. Keshokutwa mabati yetu yanaondoka, tunalala tunaangalia nyota.

— Haki ya Mungu! Redio alishika kichwa. Ndiyo maana jembe ya shangazi yangu ilipotea kule Logiri! Ngoja nihakikishe.

Akamaliza kikombe chake, akakigeuza, akachungulia. Uso ukamshuka.

— Tangu Jumanne kikombe haina habari. Angalieni. Safi kama jicho ya paka. Nakunywa mpaka chini, nakuta ua iliyochorwa ndani ya kikombe tu. Kaltumu, umeua redio yangu.

— Wiki jana ulilia kahawa yangu ina mchanga, Kaltumu alijibu akipuliza makaa. Leo unalia ni safi. Wewe Yakubu hata peponi utauliza mbona hakuna inzi.

— Kahawa ya Bi Kaltumu sasa ni ya gavana, alisema Sajini kwa sauti laini ambayo Burma hawakuisikia.

Honi ya lori ikalia. Lomoro alitazama viganja vyake, akaiona chokaa ikirudi kwenye nyufa zake.

— Usihuzunike, Redio alimpigapiga bega. Sisi tutakupenda tu. Tutakuita Lomoro Brashi.

Ndipo akaja mgeni. Jina lake Saturnino, mfanyabiashara wa simsim, yaani ufuta, kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, ameshuka asubuhi kutoka Koboko na vumbi la njia nzima usoni. Alisalimu, akapewa nafasi, akapewa kikombe. Alikunywa taratibu, akatazama chini ya kikombe, akaitazama jabana.

— Mama, samahani. Kwetu jabana inazibwa shingo na lifa, zile nyuzi za mtende, zikamate machicha, na kila asubuhi mama anabadilisha lifa. Yako sioni lifa. Nini inakamata machicha?

Sajini, aliyejua mpaka mambo ya mwezini, alipatwa na kikohozi.

Kaltumu akavuta mtandio usoni.

— Lifa iliniishia, mwanangu, na kutoka kwenu haiji. Nikapewa zawadi.

— Zawadi! Redio alisogea. Nani ametoa?

Kaltumu akatazama chini, akatabasamu kama msichana. Wote wakamkodolea macho yeye. Jabana ilikuwa juu ya kigoda, kando ya goti la Sajini, na hakuna aliyekuwa akiitazama.

— Zawadi gani, Mama? Lomoro aliuliza.

— Kijibomba cha waya, laini kama nywele za mtoto. Kimeingia shingoni kama kimezaliwa humo.

— Mama! Lomoro alisimama. Hiyo ndiyo filta yangu!

— Ile filta? Mashine inanguruma mpaka kuku wangu hawatagi, nilidhani filta yake ni kama karai! Chukua, mwanangu, chukua.

Akainua jabana, akainamisha. Shingo ilikuwa tupu.

— Ilikuwa hapa sasa hivi!

Honi ikalia mara ya pili. Sajini akaruka, akasimama wima, visigino pamoja.

— Hakuna mutu kutoka! Wote simama! Tunapekua! Anza na mgeni!

Alipiga kelele hivyo huku akipuliza vidole viwili vya mkono wa kulia. Saturnino, maskini, akaanza kufungua gunia lake la simsim. Redio akainama chini ya kiti. Ni Lomoro tu aliyebaki akimtazama Sajini, kwa sababu chini ya ile tarbushi kulichungulia uzi mweusi. Ukashuka kwenye paji la uso, ukazunguka nyusi, ukafuata mfupa wa pua, ukaning'inia kwenye ncha. Tone. Likaangukia kanzu nyeupe.

— Sajini, alisema Redio kutoka chini ya kiti. Kichwa yako inatoa kahawa.

— Hii ni jasho. Jasho ya Burma.

Saturnino akanusa.

— Jasho iko na tangawizi?

Lomoro akaishika tarbushi kwa mikono miwili, akaiinua taratibu kama mtu anayefunua sufuria. Filta ililala katikati ya upara, ikitoa mvuke, hata waya mmoja haujapinda. Honi ilipolia mara ya tatu Lomoro alikuwa tayari anakimbia kuelekea msikitini, filta inamuunguza kiganja na haiachii, anapaza sauti, "Ngojeni! Ngojeni! Bastola anakuja!"

Sajini alibaki amesimama kichwa wazi mbele ya watu wote, vidole viwili mdomoni. Kaltumu akamwendea. Akakitazama kile kichwa ambacho alikuwa karibu kukikubali kiwe cha mume wake kwa ajili ya kijibomba kimoja. Akapangusa tone jingine kwenye pua ya Sajini, akalionja.

— Na haina machicha, alisema.